Mama Injinia na Bangili ya Mpira

Dada yangu amefua mashuka ya watu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Si kwa mkono, bali kiwandani, ambako mashuka ya hoteli na hospitali huletwa kwa magari, yakafuliwa, yakakaushwa na kupigwa pasi. Mimi ni mdogo wake, mtunza stoo wa kiwanda hicho hicho, na kazi hiyo ni yeye aliyenitafutia. Kwa hiyo msinitegemee nimweleze kwa upole kama hakimu. Nina hasira, na sitaificha.

Mume alimwachia mtoto mmoja wa kike na redio mbovu. Mtoto akaifungua redio akashindwa kuifunga. Akafungua na feni, nayo ikabaki vipande vipande chini ya kitanda. Mimi nilitaka achapwe. Dada akasema, "Mwache. Atajuaje kufunga asipojua kufungua?" Akaongeza zamu, akamlipia masomo ya kompyuta hadi mwisho.

Baada ya masomo ikaja ile shida wanayoijua vijana wote. Kila alikoomba kazi alidaiwa uzoefu. Uzoefu aupate wapi, sokoni? Binti akakaa nyumbani na cheti chake, akipungua mwili. Dada hakuvumilia. Akamngoja bosi getini, akashika mlango wa gari lake, akamwambia, "Bosi, nina mtoto anajua mambo ya mashine na mtandao. Mjaribu bure. Akishindwa, mfukuze na mimi juu." Bosi wetu ni mtu ambaye hutabasamu kwa nadra, lakini neno bure lilimgusa.

Binti akaja na vihisi vyake, vidude vidogo kama vifungo vya koti. Akavibandika kwenye kila mashine, vikawa vinatuma habari za joto na mtikisiko kwenye skrini ya ofisi ya juu. Haukupita muda akasema mota ya mashine kubwa ya kufulia inakaribia kufa. Fundi mitambo akacheka sana, akaifungua ili amuumbue, akaikuta beringi imelika yote. Siku hiyo binti akapewa ajira na meza. Kiwanda kizima kikamwita Injinia, na dada akawa Mama Injinia. Alilipenda jina hilo kupita kiasi. Ukimwita kwa jina lake la zamani alikuwa haitiki, anajifanya mvuke umemziba masikio.

Laiti bosi angeishia kwenye mashine! Lakini mtu akishaonja data hashibi. Akamuuliza Injinia, "Kama tunajua mashine inafanya nini kila saa, mbona hatujui watu wanafanya nini?" Ndipo zikaja bangili. Zilikuwa za mpira, zina kitaa kidogo, na kila mfanyakazi alivaa yake tangu kuingia hadi kutoka. Kazi ya kwanza ya bangili ilikuwa kuhesabu: kila mkono unaponyanyua shuka na kulisukuma kwenye mashine ya pasi, inaandika. Kazi ya pili ilikuwa kulinda. Mashine ile ni rola mbili ndefu za chuma, zenye moto, zinazomeza shuka bichi na kulitoa kavu upande wa pili. Mkono wenye bangili ukisogea karibu mno, rola zinasimama.

Hapo zamani palikuwa na chuma cha kinga mbele ya rola. Ukikigusa tu, mashine inazima. Tatizo ni kwamba hata shuka nene lilikigusa, na kazi ikawa inasimama ovyo. Bosi akauliza, bangili si inatosha? Injinia akajibu kwa ukweli kwamba, kwa mtu aliyeivaa, inatosha. Bosi alisikia "inatosha" peke yake. Chuma cha kinga kikafunguliwa, kikaletwa kwangu stoo, nikakipokea na kukiegemeza ukutani.

Kisha ukutani pa ukumbi wa pasi ikatundikwa skrini. Wepesi majina yao yalikuwa ya kijani, wa wastani njano, wazito nyekundu. Bosi akatangaza kwamba mikataba ikiisha, wekundu wasijisumbue kurudi. Alisema ni data, si chuki, na kwamba Injinia asimpendelee mtu, hata awe nani.

Dada alikuwa na maumivu ya viungo. Vifundo vya mikono vilikuwa vimemvimba kwa miaka ya maji na moto. Jina lake likawa jekundu, likakaa hapo juu kila mtu alione. Siku hizo nilikwenda kula kwao, nikakuta mama na mwana wanaongea habari za bei ya sabuni kama watu waliokutana kwenye foleni. Injinia hakuweza kumwambia mama yake kwamba anaona. Mama naye hakutaka mwanawe aaibike mbele ya bosi kwa kumwombea. Kila mmoja alikuwa akimficha mwenzake kitu ambacho wote wawili walikuwa wamekisoma ukutani.

Sasa hapo ndipo akaingia Upepo. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akisimama na dada kwenye mashine, mmoja anashika pembe ya kulia ya shuka, mwingine ya kushoto. Jina alipewa kwa wepesi wa mikono, na mdomo wake haukuachwa nyuma. Siku moja akamwambia, "Dada, lete hiyo bangili yako. Mimi nina mikono miwili, ya nini mmoja ukae bure?" Dada akakataa. Upepo akamvua mwenyewe, akaivaa mkono wa kushoto, akashusha mikono ya gauni. Tangu hapo kila shuka la Upepo likahesabiwa mara mbili, na dada akafanya kazi kwa mwendo wake, mikono mitupu, mbele ya rola zisizo na kinga.

Wanawake wote wa ukumbini walijua. Hakuna aliyesema. Waliona ni kumsitiri mwenzao, na kumsitiri Injinia pia asije akamfukuza mama yake kwa mkono wake. Kuhusu kulinda, waliambiwa siku ya kwanza, wakasahau. Bangili kwao ilikuwa kitu cha kuhesabu, maana kuhesabu ndiko kulikofukuza watu. Mimi niliyajua haya mwisho kabisa, kama mume anavyojua ya nyumbani kwake.

Jina la dada likapanda njano, likapanda kijani. Injinia alishuka ngazi akikimbia, akamkumbatia mama yake mbele ya watu. "Mama, umewapita vijana!" Bosi naye akaja kumtazama, akawaambia wengine waige mfano wa huyu mama. Dada alikuwa ameficha mikono yake ndani ya shuka, anatazama sakafu. Nilidhani ni haya ya kusifiwa.

Lililotokea lilitokea asubuhi, watu wakiwa bado hawajachoka. Upepo alikuwa amegeuka kuchukua shuka jingine. Dada akaona pindo limejikunja, akanyoosha mkono alinyooshe, kama alivyofanya maisha yake yote. Vidole vyake vilivyovimba havikuwahi kurudi. Rola hazikusimama, kwa sababu kwa hesabu ya mashine hapo hapakuwa na mtu. Nilisikia ukelele nikiwa stoo, nikajua ni wake, maana ndiye aliyenilea. Fundi mitambo alikata umeme kwa mkono. Injinia alifika, akaona mkono mtupu wa mama yake, kisha akaona mikono miwili ya Upepo aliyekuwa analia, kila mmoja na kitaa chake. Hakuhitaji kuelezwa.

Hospitali walikata vidole vinne.

Mkaguzi wa bima alikuja baadaye, kijana mstaarabu mwenye laptop. Tuliitwa ofisi ya juu: bosi, Injinia, Upepo, dada na kifurushi cha bandeji mapajani, na mimi niliyemsindikiza. Mkaguzi akasema mfumo unaonyesha kwamba wakati wa ajali, bangili ya mama ilikuwa salama, mbali na rola.

"Ilikuwa imedondoka," Upepo akadakia. "Nikaiokota nikamtunzia."

Mkaguzi akamgeukia dada. "Pole sana, mama. Naomba uniambie tu, kwa nini hukuwa umeivaa?"

Jibu lilikuwa pale pale, kila mtu analijua. Kwamba kulikuwa na rangi nyekundu na chuma kilichofunguliwa. Angelisema, angelipwa. Ila Upepo angefukuzwa siku hiyo hiyo, na waliosimamia bangili wangeulizwa, na bosi angemnyooshea kidole Injinia, aliye mdogo kuliko wote chumbani. Nilifungua mdomo. Dada akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu kweli, kama tulipokuwa watoto na mgeni yupo.

"Iliniwasha, mwanangu," akamwambia mkaguzi. "Ngozi yangu haipatani na mpira."

Mkaguzi akaandika. Aliyejivua kinga mwenyewe halipwi, akaeleza kwa heshima. Halafu akamuuliza Injinia kama mfumo ulifanya kazi sawasawa.

Injinia akamtazama mama yake. Sijawahi kuona mtu akiombwa kwa macho namna ile. Kisha akamgeukia mkaguzi.

"Ulifanya kazi sawasawa."

Bosi akafurahi. Wiki iliyofuata alimpandisha cheo, akampa jukumu la kufunga bangili kwenye kiwanda kingine alichonunua, chenye wafanyakazi wengi kuliko sisi. Pale kwetu, mwanamke mwingine alisimama upande wa dada. Jina lake lilikuwa jekundu tangu siku ya kwanza, na wenzake walikuwa wameanza kumwonea huruma.

Jioni moja nilipita nyumbani kwao. Injinia alikuwa amekaa kitandani na bakuli la supu, anamlisha mama yake kwa kijiko, maana mkono wa pili nao ulikuwa na maumivu yake ya viungo na haukushika vizuri. Machozi yalikuwa yakimtoka binti na hakuyafuta, mikono yake ilikuwa na kazi.

Dada akameza, akauliza, "Kazi yako ipo lakini?"

"Ipo, mama."

"Haya," akasema, akafungua mdomo kupokea kijiko kingine.