Mbu wa Lipangalala Niliowaita wa Idete

(Barua hii imetufikia kutoka Ifakara. Jina la mwandishi linabaki kwetu, na la binti anayemtaja tumelibadili.)

Wasomaji wenzangu, nawasalimu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, nina mke na watoto watano, naishi Lipangalala, hapa hapa mjini Ifakara. Shule niliachia darasa la tano, na si kwa ujinga. Mwalimu mwenyewe alikiri hana cha kuniongezea. Nimevua samaki mto Kilombero, nimelima mpunga, na kiboko aliyenizuia njia nilimchapa kwa pampu ya baiskeli mpaka akarudi majini. Wapo wanaobisha, lakini hawakuwepo. Nasema haya mjue anayewaandikia si mwoga. Ila huu ni mwezi wa pili sikai kitako. Nakaa, nainuka. Najaza upepo matairi yaliyokwisha kujaa. Mke wangu ameniuliza kama nimeingiwa na funza.

Kisa ni mbu. Binti wa dada yangu, tumwite Leonsia, alimaliza kidato cha nne akapata kazi kwa watafiti wa mbu hapa mjini, akaniombea na mimi kibarua. Kila Jumanne asubuhi naenda kijiji cha Idete kwa baiskeli, naingia nyumba za watu, nawanyonya mbu ukutani kwa mrija na kuwapuliza kwenye vikombe vya karatasi vilivyofunikwa chandarua. Juu yake kitambaa kibichi. Sharti ni moja, wafike hai. Leonsia anawatia hai hai kwenye vichupa, anavizamisha kwenye mtungi wa baridi kali unaofuka moshi, kisha wanasafirishwa Ulaya.

Nilimuuliza mbu mfu ana kosa gani. Akanieleza, yule mtoto ana kichwa, amerithi ujombani. Alisema ndani ya mbu kuna maandishi marefu ya herufi nne tu, na mwili ukitaka kufanya kazi unanakili kipande. "Sasa mjomba, nakala hazianzi mahali pamoja. Ni kama wimbo wa kanisani. Wimbo ni mmoja, lakini kwaya hii inaanza na ubeti, ile inaanza na kiitikio." Ulaya walikuwa wakizisoma nakala hizo herufi kwa herufi, waone mbu wa Idete wanaanzia wapi, na wa mjini waliozoea dawa wanaanzia wapi. Mbu akifa, nakala zinaoza upesi kuliko samaki. Toka siku hiyo, kila kilabu cha pombe nilichopita nilijitambulisha kuwa daktari wa mbu.

Na kilabu ndicho kilichoniponza. Jumanne moja natoka Idete, vikombe sita nimevifunga kwenye usukani, nikakuta watu wanakunywa komoni. Mmoja akaniuliza habari za kiboko. Kisa kile hakisimuliwi kwa kusimama. Nilipomaliza, kivuli kilikuwa kimehama, kitambaa kimekauka kama gome, na mbu wote wamelala chali. Kurudi Idete, siku ingeisha. Kusema ukweli, ningeitwa mzembe. Nikaenda nyumbani kwangu, nikafunga mlango, nikanyonya mbu nyuma ya nguo na chini ya kitanda mpaka vikombe vikajaa. Neno Idete lilikuwa limeshaandikwa kwa penseli, nikaliacha. Leonsia alipovipokea akasema, "Mjomba, leo umewaleta wachangamfu." Nikamwambia ni mkono tu.

Majibu yalirudi baada ya miezi saba. Bosi wao, mama mmoja wa Kizungu, akabandika dirishani karatasi nyeusi kama ya eksirei, ina mistari kama vipandio vya ngazi. Mbu wa Idete wote walianzia kipandio kimoja, isipokuwa wa ile Jumanne. Hao walianzia pale pale wanapoanzia wa mjini. Ikasemwa Leonsia amechanganya vichupa. Alikuwa ameshapata nafasi ya kwenda kusomea kazi hiyo; ikasimamishwa. Akaja kwangu, hakulia.

"Shikamoo mjomba. Wewe ndiye shahidi wangu. Twende ukawaambie vikombe ulivileta mwenyewe."

Nikavaa koti la Jumapili. Yule mama ana Kiswahili cha kitabuni, akaniuliza taratibu kama nina hakika mbu wale walitoka Idete. Hapo, wasomaji, mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi kabisa. Mimi nikasema, "Mama, mimi hata nyumba nazikumbuka. Ya tatu ina mbuzi mweupe wa pembe moja." Mbuzi nilimwongeza ili niaminike. Akaandika, akaweka kalamu chini. "Basi kama walitoka Idete kweli, wamechanganywa humu ndani."

Nilidhani namtetea, kumbe namzika. Leonsia aliniangalia, akaangalia sakafu. Mimi nikafunga vifungo vya koti, nikaaga.

Jumapili iliyofuata dada yangu alichinja kuku akaniita. Firigisi akaniwekea mimi, akasema nimemsimamia mtoto wake kama mwanaume. Leonsia ndiye aliyeninawisha. Akiwa ameshika birika akaniambia kwa sauti ya chini, "Asante mjomba. Wewe ulisema unachokijua. Labda kweli nilichanganya. Nawaza siku ile kila saa, sikumbuki."

Firigisi niliitafuna mpaka ikawa kama raba. Nikatoka nje, nikampa mbwa.

Mwisho wa mwezi ujao wanakaa kumwamulia. Nikisema, kibarua kimekwenda, dada yangu hataniita tena mezani, na kilabuni sitapita. Nikinyamaza, mtoto atakwenda kulima huku akiamini mikono yake ndiyo iliyokosea.

Yule kiboko, ndugu zangu, sikumpiga. Nilikimbia, na pampu ikabaki kule kule. Hilo dogo nimeweza kulitoa. Nishaurini jamani, hili kubwa nilianzie wapi?