Haiba Iliyovunja Jino

Juma lililopita nilimsindikiza shangazi kliniki moja hapa Tanga. Tulikaa kwenye benchi la nje, na mlango wa daktari ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Ndani walikuwamo mama mtu mzima, mwanawe wa kiume, na mke wa mwanawe huyo, aliyejifunika mdomo kwa upindo wa kanga.

"Mama, mwanao ana ugonjwa wa haiba," alisema daktari.

Mama akacheka kwa fahari. "Haiba? Mbona anayo tele! Ndiyo iliyompa mke."

Mke akaushusha upindo. "Na ndiyo iliyonivunja jino, mama."

Daktari akafafanua kwamba haiba aliyoikusudia ni namna mtu alivyojengeka nafsini. Kwamba wepesi wa kughadhibika huweza kurithiwa, kisha vipigo vya utotoni vikauchochea.

"Basi ni damu ya babake," mama akakata shauri. "Mwanangu hana kosa."

Mume alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia. "Baba alinipiga kwa mpini wa jembe, mama, nawe ukanambia ninyamaze." Akamgeukia daktari. "Nitapona?"

"Wengi hupata nafuu wakifuata matibabu. Lakini huchukua muda."

"Muda," mke akarudia taratibu. "Na leo mimi nalala wapi?"

"Kwako, mwanangu, wapi tena?" alisema mama mkwe. Daktari akainuka, akaufunga mlango.

Habari za damu na malezi nimezisoma juma zima, na zote nimezielewa. Alikolala yule mwanamke sikujui.