Kifungu Kinachosomeka Vizuri

Safina, anayetoa fotokopi meza ya jirani, amemzoea mchapaji wa mikataba na midomo yake isiyotulia. Mtu akitaka mkataba wa kuuza samaki au kahawa, mzee huyo hufungua faili la vifungu alivyonakili kutoka mikataba ya makampuni makubwa, akavisoma kwa sauti huku amefumba macho, kidole kikigonga meza. Kinachokwama ulimini hukiacha. Kinachoteleza hukipachika. Kinamlinda nani, muuzaji au mnunuzi, hilo hajiulizi.

Leo Gaudiosa ameingia amevaa nguo nyeusi. Mtumbwi wa mumewe ulizama ukitoka kisiwa cha Bumbire na shehena ya dagaa, na mume hakuonekana tena. Sasa mnunuzi wa dagaa hao anakitaka kibanja chao cha migomba kule Izigo. “Tata, baba yangu, nisomee hapo anaposhikilia,” akasema, akiuweka mezani mkataba wa dagaa aliotia saini mumewe.

Mchapaji alikitambua kifungu chake. Alikohoa kidogo, kisha midomo ikaenda yenyewe: “Mzigo ukipotea ziwani kwa dhoruba au ajali yoyote, hasara yote itakuwa juu ya muuzaji, warithi wake na mali yao yote.” Kidole kiligonga hadi neno la mwisho. Safina akazima mashine yake.

“Hata siku ile ya kutia saini ulitusomea hivyohivyo,” Gaudiosa alisema taratibu. “Mume wangu alikipenda sana, tata. Alikirudia njia nzima mpaka mwaloni, kwenye mtumbwi wake.”