Kamba ya Kapu la Hajjat Fawkia

Fundi wa viti vya magurudumu huja kliniki mara moja kwa mwezi. Mwezi uliopita Inshirah, jirani yetu hapa mtaani Shubra, alikosa gari, na mgongo wa bintiye Nesma ukazidi kupinda. Safari hii aliapa kumfikisha, yeye na kiti chake.

Taksi zilipunguza mwendo, zikaona kiti, zikaondoka. Moja ikasimama.

"Mama, buti imejaa mtungi wa gesi inayoendesha gari," dereva alisema. "Tukiutoa tutasukuma gari, na binti ndiye atashika usukani."

"Nitashika," Nesma akajibu.

Dereva akacheka. "Keria ipo juu. Kamba sina. Kikidondoka darajani, msinililie."

Inshirah akainua macho. Hajjat Fawkia wa ghorofa ya nne alikuwa ameshateremsha kapu kwa kamba kungoja mkate. Magoti yake hayashuki ngazi tena. Kila anachokula hupanda kwa kamba ile.

"Fungua kapu uchukue kamba, Mama Nesma!" alipaza sauti kutoka roshani. "Unanitazama nini?"

"Na mkate wako, Hajjat?"

"Kwani majirani wamekufa wote?"

Akaiachia kamba yote ikaanguka. Mkate nilimpandishia mimi.

Fundi alifanya kazi yake vizuri: akainua egemeo, akanyoosha pa kuwekea miguu. Nesma alikaa wima hata mama yake akamwona amerefuka.

Kurudi, kamba walikuwa nayo, lakini kila taksi iliyosimama haikuwa na keria. Jua likawachosha, wakaanza kusukuma. Kando ya barabara pamejaa magari na meza za kahawa, ikabidi washuke kwenye lami. Basi dogo likawapigia honi nyuma. Inshirah akakwepa, gurudumu la mbele likaingia shimoni, pa kuwekea miguu pakakatika.

Walifika nyumbani wakati wa magharibi, miguu ya Nesma imefungwa kwenye kiti kwa nusu ya kamba. Nusu nyingine Inshirah aliipandisha kwa Hajjat.

"Fundi akirudi mwezi ujao, nitakuletea iliyobaki," alisema, hakuweza kumtazama.

"Mtoto kaumia?"

"Hapana."

"Basi niache nilale."

Asubuhi kapu lilishuka kwa nusu ya kamba, likaishia dirishani kwangu, ghorofa ya pili, likining'inia. Nikatia mkate. Chini yake, Inshirah alikuwa akimbeba Nesma mgongoni kwenda shule, bila kiti, maana hakikuhimili tena barabara.