Winny Amsaka Mwizi wa Majani

Tangu darasa la nne Winny alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kutaka kujua kwa nini mtu huiba. Kuku wa mwalimu alipopotea, wenzake waliuliza ni nani kamchukua. Winny aliuliza huyo mwizi alikuwa akifikiria nini wakati anamfunga kuku miguu. Alipofaulu mtihani wa kidato cha nne, ukoo mzima ulitarajia asomee uuguzi, au ualimu hali ikiwa mbaya sana. Yeye akachagua kriminolojia. Baba yake, mzee Johana, akauliza hiyo ni kitu gani, akaambiwa ni elimu ya wahalifu. Jumapili akawatangazia waumini kwamba binti yake anasomea ujaji.

Mwaka wa tatu chuo kilimtaka kila mwanafunzi aandike utafiti juu ya uhalifu wa kwao. Winny akarudi nyumbani, kijiji cha wakulima wa chai kilicho juu kidogo ya Kimulot, akiwa na madaftari matatu na kalamu za rangi nne. Alizunguka nyumba arobaini na karatasi ya maswali. Swali la "Je, umewahi kuvunja sheria?" lilipata hapana arobaini. Swali la "Je, unamjua anayevunja sheria?" lilijaza kurasa sita, na majina yote yalitoka katika nyumba zile zile arobaini. Winny alikata tamaa. Hakuna mhadhiri ambaye angekubali utafiti wa namna hiyo.

Aliyemwokoa ni baba yake.

"Wacha kuzunguka kwa watu," mzee Johana alimwambia wakinywa chai baada ya kanisa. "Mwizi tuko naye hapa. Mvua imenyesha, mbolea nimeweka, lakini bonasi ya chai ya mwaka imeshuka. Majani yangu inaenda wapi?"

Majani yake yalikuwa ekari moja na nusu ya chai, iliyosajiliwa kwa namba yake kwenye kituo cha kununulia majani, na malipo hufuata namba. Waliochuma ni wawili: mama yake Winny, Janeffer, na kibarua aitwaye Phelix, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyetoka upande wa ziwa kutafuta kazi na kupewa chumba nyuma ya zizi. Mzee Johana yeye alisimamia. Kazi hiyo ya kusimamia aliifanyia hotelini, mbele ya andazi, na hakuikosa hata siku moja.

Winny alifurahi kupita kiasi. Alikuwa amepata kosa, amepata mlalamishi, na nyumbani alikuwa na pa kulala bure. Alichora ramani ya shamba. Asubuhi tatu mfululizo alijibanza katikati ya michai kabla jua halijatoka, amevaa koti la mvua, akingoja mwizi. Akapata mafua. Kisha akaketi akaandika wasifu wa mshukiwa, kama alivyofundishwa: ni mtu mzima, analijua shamba kuliko mwenyewe, yuko hapo kila siku bila kutiliwa shaka, ana mahitaji ambayo kipato chake hakiyatoshelezi, na hana ardhi kwa jina lake.

Mzee Johana aliusoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho alipiga meza.

"Phelix!"

"Baba, sijaandika jina la mtu."

"Utaandika namna gani jina na wewe ni msomi? Umeandika kila kitu mpaka nimemuona." Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. "Kongoi, asante, mama. Hiyo karo haijaenda bure."

Winny angeweza kumfuata mlangoni akamwambia angoje, kwamba wasifu si ushahidi. Hilo liko hata kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza. Lakini ilikuwa mara ya kwanza maishani baba yake kumsifu kwa jambo alilolisoma mwenyewe, na sifa ni tamu. Akamwacha aende. Siku iliyofuata Phelix aliitwa kwa naibu wa chifu, godoro lake likapekuliwa, na ikatangazwa kwamba Jumamosi wazee watakaa. Asipokiri, atapelekwa polisi.

Alhamisi Winny alienda kituoni kufanya kile ambacho mhadhiri wake alikiita uchunguzi wa mazingira. Aliketi kwenye benchi, daftari gotini, foleni ya wanawake ikisogea kuelekea mizani. Zamu ya mama yake ikafika. Janeffer alitua mifuko miwili. Wa kwanza ukapimwa, akataja namba ya Johana. Wa pili ukapimwa, akataja namba nyingine kwa sauti ile ile, kama anayeagiza chumvi dukani. Karani akachapa risiti mbili. Risiti ya pili aliipokea Mellen, jirani yao mjane, ambaye kwa kuwa mumewe alikufa alikuwa na namba iliyoandikwa jina lake mwenyewe.

Winny aliona giza. Alitazama foleni. Hakuna aliyeshtuka. Mwanamke aliyefuata alitua mifuko miwili, akataja namba mbili. Na wa nyuma yake vivyo hivyo. Wizi aliokuwa akiuvizia alfajiri kwenye michai ulifanywa saa nne asubuhi, mbele ya karani na mashahidi thelathini, na wote walikuwa wakiulizana habari za watoto.

Alimsubiri mama yake njiani.

"Mama, kwa nini umeiba?"

"Nimeiba nini?"

"Majani."

"Ya nani?"

Mama yake alitua mfuko mtupu na kumwonyesha vidole vyake, vyeusi kwa utomvu hadi kwenye viungo.

"Mimi nimechuma hiyo shamba miaka ishirini na mbili," Janeffer alisema. "Bonasi ikikuja, inaingia kwa simu ya baba yako. Nikitaka sabuni naomba. Nikitaka miwani, nimeomba miaka tatu. Hii miwani unaona ni Mellen aliniwekea pesa ya hiyo majani pole pole. Baba yako anajua nilipewa na kanisa."

"Na Phelix je?"

Hapo Janeffer aliketi kwenye nyasi. Alilia, wala hakujificha. Tangu Jumatatu hakuwa amelala vizuri. Alitaka kusema, lakini akisema, hangeumia yeye peke yake. Wazee wangeenda kituoni, wangemfungia Mellen namba, na wanawake wote wa foleni ile wangerudi kuomba sabuni.

"Mimi baba yako atanirudisha kwetu mbele ya watu," alisema. "Lakini huyo mtu wa wenyewe asiende ndani kwa sababu yangu. Winny, wewe umesoma hii maneno. Tufanye nini?"

Winny alikuwa amesoma nadharia kumi na moja za kwa nini watu hutenda makosa. Hata moja haikuwa na jibu la swali hilo. Alimshika mama yake mkono na wakapanda kilima.

Jumamosi wazee walijaa kwenye kibanda cha mabati mbele ya ofisi ya naibu wa chifu. Wanawake walisimama ukutani. Phelix alikaa kwenye kiti peke yake, shati limepigwa pasi, mikono katikati ya magoti. Naibu alimuuliza mara tatu, na mara tatu akajibu, "Mzee, majani ya mtu mimi sijachukua." Ndipo Johana akasimama, akatoa karatasi mfukoni na kuisoma kwa sauti ya mhubiri. Kila sifa iliposomwa, wazee waliguna na kumtazama Phelix. Winny alimtazama mama yake. Mtu mzima. Analijua shamba kuliko mwenyewe. Hana ardhi kwa jina lake. Ilikuwa picha kamili ya Janeffer, na katika kibanda kizima wanaume hawakuiona, ilhali kila mwanamke aliyesimama ukutani alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni mimi," Winny alisema.

"Wewe nini?" Johana akageuka.

"Mimi ndio nimekuwa nikichukua majani. Nikija likizo, na pia kuna mtu alinisaidia nikiwa shule. Simtaji. Phelix mwachilieni."

Winny alikuwa amejiandaa kwa kofi, kwa laana, kwa kuondolewa chuoni. Alimwona baba yake akivuta pumzi, uso ukiiva, halafu pole pole ukilegea, na mwisho mzee Johana akaanza kucheka.

"Utafiti!" alipiga kelele. "Mnaona? Msichana ameiba ndio ajue vile mwizi anafikiria! Si nilisema huyu atakuwa jaji?"

Naibu wa chifu akacheka naye, kwa unafuu wa mtu aliyeepushwa na kuandika barua polisi. "Kumbe ni mambo ya shule. Sasa hiyo tutaandika kesi gani?" Mzee mmoja aliuliza kama utafiti huo utapata maksi nzuri. Mwingine akashauri kwamba siku nyingine aarifu wazazi mapema. Wakafunga kwa maombi, na Winny akaombewa mitihani. Alisimama pale macho wazi, na hasira ikamkaba kuliko hofu aliyokuwa nayo mwanzo. Angalau wangemkemea. Majani yalikuwa yale yale, mizani ile ile, na dakika kumi zilizopita yalitosha kumfunga mtu.

Watu walipotawanyika, Johana alipita karibu na Phelix bila kusimama. "Jumatatu tuanze upande wa juu," alimwambia. "Majani imekomaa."

Phelix aliitikia. Kisha akamngoja Winny kwenye lango, kofia mkononi.

"Siste, asante," alisema. "Lakini nataka kuuliza, juu ya vile wewe ndio unasomea hii maneno. Hapo ndani, kuna mtu mmoja alisema mimi sikuiba?"

Winny alifikiri. Alianza kwa naibu, akaja kwa wazee, akaja kwa baba yake, akaja kwake mwenyewe.

"Hakuna," alisema.

"Sawa," Phelix alijibu, akavaa kofia, akaenda kufunga godoro lake arudi kwao.