Tisa ya Mama Kaze

Mugeni alikuwa na jicho, tusimpunje. Miaka kumi na tisa alifanya kazi katika studio ya picha karibu na soko la Kicukiro, akiunganisha watu ambao hawakuwahi kusimama pamoja. Baba aliyekufa akawekwa nyuma ya bwana harusi, dada aliyehamia Ubelgiji akaingizwa katikati ya ndugu zake. Mteja akileta picha zake mbili, Mugeni humwuliza neno moja tu: "Nani asipotee?" Huyo ndiye aliyeshughulikiwa kwanza, maua na mapazia baadaye. Simu za mkononi zilipoiua studio, akaajiriwa katika ofisi moja ya ghorofani, hapo hapo Kicukiro, na majirani wakasema kazi imemfuata mwenyewe.

Ofisi ilikuwa ya kupima picha. Analetewa picha mbili za mahali pamoja. Moja ya kamera ya kawaida, yenye majani, mawe na kuta. Nyingine ya kamera ya joto, ambayo kila kitu ndani yake ni kiza, isipokuwa mtu anayeng'aa kama kaa la moto. Halafu ya tatu, ambamo kompyuta imezichanganya zile mbili kuwa moja. Njia za kuchanganya zilikuwa tano, na Mugeni na wenzake kumi na mmoja walitakiwa kutoa alama, sifuri hadi kumi, ili ijulikane ni njia ipi imebeba vizuri zaidi yaliyomo katika picha zote mbili. Njia itakayoshinda ingeuzwa kwa mjenzi mmoja wa nyumba mpya kule Gahanga. Huyo alitaka kamera nyuma ya makatapila yake, ili yakiona mtu yasimame yenyewe.

Kompyuta nayo ilitoa alama zake, na hapo ndipo kizaazaa kilipoanza. Kompyuta inahesabu mistari na vivuli vilivyovuka kutoka picha mbili za mwanzo kuingia ya tatu, basi. Njia ya nne ilivusha kila jani na kila kokoto. Mtu tu ndiye aliyefifia, akamezwa na majani mpaka ukamkosa. Kompyuta itajali nini? Majani ni maelfu, mtu ni mmoja, hesabu ikatoka nzuri. Ikaipa njia ya nne tisa. Mugeni akaipa mbili.

Msimamizi wao alikuwa Gerald, Mtanzania mwenye mdomo mchafu na viatu safi. Kila Jumatano alibandika ukutani karatasi ya majina, na mbele ya kila jina asilimia ya kukubaliana na kompyuta. Anayekuwa wa mwisho mara tatu mfululizo anafungasha. Jumatano ya pili ya Mugeni kuwa wa mwisho, Gerald alimsimamisha mbele ya wote, akamnyooshea vidole usoni.

"Mama Kaze, hivi ni vingapi?"

"Vitatu."

"Afadhali. Nilidhani tumeajiri kipofu."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Wengine walicheka kwa sababu majina yao yalikuwa juu kidogo tu ya lake.

"Mtu amepotea, bwana Gerald," Mugeni akasema. "Picha ya joto iko naye, hii ya tatu haina."

"Nani kakuuliza habari za mtu? Umeulizwa picha! Kompyuta imesoma kuliko ukoo wako mzima, wewe unabishana nayo?"

Mugeni akakaa. Mngetaka afanye nini? Kaze, mtoto wao, alikuwa shule ya bweni. Sibomana, mumewe, mtu mpole kupita kiasi, alikuwa nyumbani mwaka wa pili, tangu alipoanguka kwenye jengo na bega lake la kushoto likashuka lisipande tena. Kiti kile kikienda, wamekwisha. Basi akakata shauri. Akaacha kumtafuta mtu, akatazama majani. Yakisimama moja moja, tisa. Jumatano iliyofuata alikuwa wa nne kutoka juu. Miezi miwili baadaye alikuwa wa kwanza, na picha yake, amevaa mshanana wa sherehe, ikatundikwa mlangoni chini ya maneno Jicho la Mwezi.

Akavimba kichwa, sitamfichia. Akapewa msichana mpya, Connie, amfundishe kazi. Siku ya kwanza tu Connie akagusa kioo kwa kidole.

"Mama Kaze, hapa iko mtu. Kwa ile ingine anaonekana, hapa hakuna."

Mugeni akakipiga kile kidole kofi. "Umekuja hapa kutafuta mchumba? Tazama majani! Yakiwa safi, toa tisa."

Ofisi ikacheka, na Mugeni akakifurahia kicheko kile, maana safari hii hakuchekwa yeye. Connie akatoa tisa huku machozi yakimlengalenga.

Kwa kumtunza Jicho la Mwezi, Gerald akazungumza na mjenzi, na Sibomana akapata kazi Gahanga, kufyeka nyasi pale makatapila yanapochimba misingi. Kamera zilishafungwa, kwa njia ya nne. Lakini Sibomana alikuwa mwoga. Kila katapila lilipoanza kurudi nyuma, alitupa panga akakimbia hadi barabarani. Mnyapara wa Gahanga akalalamika kwamba mzee huyu hafyeki, anakimbia. Gerald akayatangaza ofisini kwa sauti kubwa, akaigiza na zile mbio zenyewe, bega moja chini.

Siku hiyo Mugeni hakungoja mumewe anawe mikono.

"Unanitia aibu, Sibomana. Unakimbia nini?"

"Mashini iko nyuma yangu, Mugeni. Nikimbie nini ingine?"

"Iko na macho! Nimeyapima mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Itakuona, itasimama. Wewe fyeka, usigeuke."

Sibomana akamtazama. "Wewe umeona yanaona mtu?"

Mugeni akainama, akaanza kukoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

"Nimeyapa tisa," akasema.

Uso wa Sibomana ukakunjuka, masikini. Alimwamini mkewe kuliko masikio yake mwenyewe, na kuanzia kesho yake hakukimbia tena.

Picha za makatapila zilikuwa zikiletwa ofisini kila asubuhi, zipimwe kama nyingine. Jumanne moja, saa nne hivi, Connie alivuta kiti karibu.

"Mama Kaze, hii ya Gahanga..."

"Majani?"

"Iko safi, lakini..."

"Hakuna lakini." Akaandika tisa, akapita.

Saa tano simu ikaita. Alipofika Gahanga walikuwa wamemfunika turubai. Dereva alikuwa amekaa chini akilia, akiapa kwamba kwenye kioo chake aliona nyasi tupu. Kijana mmoja mfyekaji akamsogelea Mugeni, hakujua ni mke wa marehemu.

"Tulimpigia kelele mpaka tukachoka," akasema. "Alituinulia mkono hivi, akacheka. Akasema itasimama."

Baada ya wiki ya kilio Mugeni alirudi kazini, na kabla ya kuvua koti akaifungua picha ile. Katika ile ya joto, mtu alikuwepo, anang'aa, ameinama, bega la kushoto chini. Hata mgeni aliyemwona mara moja tu angemjua. Katika ile ya tatu nyasi zilikuwa nzuri ajabu, unyasi kwa unyasi. Chini yake pameandikwa: kompyuta tisa, Mugeni tisa.

"Yebaba we!" akalia, akakimbilia kufuta. Haikufutika, alama za wiki iliyopita zilikuwa zimefungwa.

Tangu hapo kila picha iliyompoteza mtu aliipa sifuri. Gerald alimwita akamwonya, akamwita tena, kisha hata Jumatano tatu hakungoja.

"Pole sana, Mama Kaze," akasema, na huenda hata alikuwa akimhurumia kwa namna yake. "Machozi yameharibu jicho." Akaishusha picha ya mshanana kwa mkono wake mwenyewe, akatundika ya Connie.

Mugeni akachukua mkoba. Alipopita nyuma ya kiti cha Connie akasimama. Kwenye kioo palikuwa na picha tatu za Gahanga. Katika ile ya joto, kando ya rundo la mchanga, kulikuwa na kitu kidogo kinachong'aa, kimechuchumaa. Katika ile ya tatu, mchanga.

"Connie, mwanangu. Hapo kuna mtu?"

Connie alitupa jicho kwa Gerald, kisha akashusha sauti. "Iko, mama."

"Umetoa ngapi?"

"Tisa," Connie akasema. "Si ulinifundisha wewe?"