Siku Tulipoingia Msiba wa Muuza Nyuzi

Walisema Kiingereza hakitaniingia. Mwalimu wetu wa Ibra, kwetu Omani, alilisema hilo mbele ya darasa zima, kwamba hata kikipigiliwa kwa nyundo kitapinda kama msumari kwenye jiwe. Binamu yangu Salma, aliyekuwa wa kwanza kila mtihani, alisema nikienda Uingereza nitarudi vile vile, sanduku limejaa na kichwa kitupu. Leo nina diploma ya ukalimani niliyoisomea huko huko Uingereza huku nikiosha sahani za mikahawa, na imetundikwa sebuleni kwetu mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Niliitundika mwenyewe. Lakini kila ninaponusa sufu iliyoloa, iwe ni koti la mvua au zulia lililofuliwa likaanikwa, pua hunirudisha kwenye mji mmoja mdogo wa soko huko Uingereza. Nina miaka kumi na mbili, nimebanwa kitini baina ya watu waliovaa nyeusi, na kinywa kimekauka kama tende iliyosahauliwa juu ya paa.

Bibi yangu, mama wa baba, alizaliwa Unguja mjini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, cha zamani, kisicho na haraka. Miaka aliyoishi Ibra ilikuwa mingi kuliko ya Unguja, na Kiarabu alikijua cha kutosha kununulia na kusalimiana, ila mambo ya moyoni aliyasema kwa Kiswahili tu. Wajukuu wenzangu walikwisha kukipoteza. Salma akisema "kitu mzuri", Bibi alifumba macho kama aliyechomwa mwiba. Mimi nilikisema kama yeye kwa sababu nililelewa mapajani mwake. Macho yake yalipoanza kufanya ukungu, Ami Nassor, mwanawe wa mwisho aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alitaka apelekwe huko atibiwe, na aje na mjukuu mmoja wa kumshika mkono. Nikaapa wallahi kwamba Kiingereza nakijua, na Bibi akaniteua. Alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile za kudarizi vitundu kwa sindano. Katika soko la Jumatano la Ibra, soko la wanawake ambalo mwanamume haingii, walikuwapo waliotoka Sur kuzifuata kofia zake. Mtu wa namna hiyo akikosa macho, amekosa na mikono.

Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho. Lilipasuliwa, na bandeji ilipotolewa Bibi aliona mpaka vumbi la juu ya kabati, akamkemea Ami Nassor papo hapo. Likabaki la kushoto. Siku tuliyokwenda kulipimisha, Ami alitushusha mlangoni pa hospitali akaenda kutafuta pa kuliweka gari, na kabla hajarudi muuguzi akatuita chumbani. Alisema maneno mengi, kwa upole, akinitazama mimi. Sikushika hata moja. Akauliza kitu, nami nikaitikia kwa kichwa. Bibi akanishika mkono: "Amesema nini, babu?" Nikautazama uso wa muuguzi, nikaona unatabasamu, nikasema, "Amesema la pili nalo litapona." Ulimi hauna mfupa. Ami alipoingia, muuguzi alikwisha kutoka; alimkuta Bibi analia kwa furaha, akatuchukua nyumbani. Jioni ile simu ikapigwa Ibra, na Ibra wakawapigia jamaa wa Sur na Nizwa. Mama alichinja mbuzi wa sadaka. Salma mwenyewe aliomba kuzungumza nami, akasema, "Haya, umetuweza." Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mkubwa, na kila sifa iliyonifikia ilikuwa kufuli jingine mlangoni.

Nilikaa siku kumi na moja nyuma ya makufuli hayo. Nyumba ya Ami ilikuwa ghorofa ya nne, vyumba viwili, madirisha hayafunguki zaidi ya upana wa kiganja, na mvua inanyesha kama imeajiriwa. Bibi alikaa karibu na mwanga akipanga kazi za macho mawili: kofia ya harusi ya Ami, kofia ya baba yangu, kofia ya kila mjukuu. Kila alipoongeza jina nilitamani kusema, na kila nilipotamani kusema nilimkumbuka mbuzi aliyekwisha kuliwa. Siku ya kumi na moja Ami alikuwa na zamu ya kazi, akatupandisha basi asubuhi twende tukatembee mji huo wa soko, mwendo wa saa moja, turudi na basi la saa kumi. Alikuwa amesikia kuna duka la nyuzi huko lenye sifa.

Mji ulikuwa mzuri, na mimi sisifu ovyo. Nyumba zilikuwa za mawe ya rangi ya asali, vikapu vya maua vinaning'inia milangoni, na katikati palikuwa na uwanja uliojaa mahema ya wachuuzi. Jibini zilikuwa kubwa kama magurudumu, vitunguu vya majani virefu kama bakora. Bibi alitembea akigusa kila kitu, jicho lake jipya limekodoka. Akauliza mbuzi wako wapi. Soko bila mbuzi, alisema, ni harusi bila ngoma. Alipoona wanaume na wanawake wanauza bega kwa bega, alitikisa kichwa: "Sasa hapa mtu atateta bei vipi, na mume wake anasikia?" Nilicheka, lakini kila hema tulilolipita lilitusogeza kwenye nyuzi za jicho lisilokuwapo.

Duka lilikuwa pembeni mwa uwanja, mlango wa kijani, umefungwa, na kwenye kioo imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono. "Soma," akasema Bibi. Maneno yalikuwa machache. Nilijua matatu, na hayakusaidiana. "Wamekwenda kula," nikasema. "Watarudi." Tukakaa kwenye benchi la mbele, mvua nyembamba ikatuangukia, tukangoja mpaka baridi ikapenya mifupani. Kisha likaja kundi la watu wakitoka upande wa kanisani, makoti meusi yameloa, mmoja kabeba sinia lililofunikwa, wakaingia kwa mlango wa ubavuni mwa duka, wakauacha wazi. Bibi aliwatazama mpaka wa mwisho.

"Hawa ndio waliokwenda kula?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nyeusi tupu, wanafuta macho, wanaume wamevua kofia. Kula gani huku? Huu ni msiba, Khalfani. Simama."

Msomaji wa kwetu hataniuliza kwa nini. Iwe Ibra au mji wa Adam au juu milimani Dima wa Tayyin, mlango wa msiba hukaa wazi siku tatu, na apitaye huingia, awe anamjua marehemu au hamjui. Anatoa mkono, anakaa, anakunywa kahawa, anaondoka, na hakuna amwulizaye wewe nani. Aibu ni kupita. Nikamwambia hawa si watu wetu. "Kwani wao hawafi?" akanijibu. Akatoa mkobani mkebe wa tende tuliouweka kwa njaa ya safarini, maana mkono mtupu haulambwi, akaingia, nami nikamfuata kama ndama. Chumba kilikuwa kidogo, dari fupi, joto, kimejaa harufu ya sufu mbichi na chai. Bibi akaanzia kulia kwake, akawapa mkono wanawake wote mmoja mmoja, na kwa wanaume akaweka kiganja kifuani. Nao, kwa mshangao, wakawa wanainuka mmoja baada ya mwingine. Akaweka tende mezani penye mikate iliyokatwa pembetatu na picha ya mwanamke mzee amekaa kati ya mabonge ya nyuzi, akakaa. Mimi nikasukumwa baina ya mzee mnene na mwanamke mwenye fimbo, magoti yetu yamegusana, mlango uko mbali kama Qalhat ya kule pwani kwetu.

Akaja mwanamke wa umri wa mama yangu, macho mekundu. Alikuwa binti wa marehemu, hilo halikuhitaji lugha. Akachuchumaa mbele ya Bibi, akamshika mkono, akasema maneno marefu, akasita, akaendelea.

"Anasema nini?"

"Anasema ahsante."

"Maneno yote hayo ni ahsante?"

"Lugha yao ndefu, Bibi."

"Haya. Mwambie Mungu ampe subira. Mwambie nilikuja kununua nyuzi kwa mama yake, maana jicho moja nimerudishiwa na la pili linakuja, na kila kofia nitakayoishona nitamwombea dua aliyekuwa akiziuza."

Chumba kizima kikanigeukia. Kichwani mwangu mlikuwa na jina langu, umri wangu, na sentensi moja ya kitabuni kuhusu rangi za bendera. Yule binti aliniinulia uso akangoja, kama mtu anayengoja maji. Nikafahamu kwamba huu si mtihani wa Salma. Huyu alikuwa ametumiwa neno juu ya mama yake, na neno lenyewe nilikuwa nimelikalia mimi. Mvua ilikuwa ikigonga kioo. Nikasema, "Bibi, sielewi."

"Huelewi lipi?"

"Sielewi chochote. Ile karatasi sikuielewa. Aliyoyasema huyu sikuyaelewa."

Msibani sauti haipandi. Bibi alisogeza kinywa mpaka sikioni pangu. "Na yule muuguzi?"

Nikalia. Msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini mimi nililia kwa sauti, na wale watu wakadhani ninamlilia marehemu. Mzee mnene akanipa leso yake, akanipapasa mgongo. Bibi akaniacha. Akamgeukia yule binti, akamwambia kwa Kiswahili, pole pole, yote aliyotaka kumwambia, na binti akamjibu kwa Kiingereza, wakaendelea hivyo kwa muda mrefu, viganja vyao vimefumbatana, na hakuna aliyenitazama. Ilipofika wakati wa kuondoka kwa adabu, tukaondoka. Tuliporudi na basi, kituoni Ami Nassor alikuwa anatungoja, na kabla hajamaliza shikamoo yake Bibi akamwambia, "Kesho unanipeleka hospitali. Unakaa ndani na mimi. Gari liache hata barabarani."

Mshipa wa jicho la kushoto ulikuwa umekufa, na nuru yake haingerudi. Muuguzi siku ile alikuwa akituomba tumngoje mtu mzima anayejua Kiingereza, asikie pamoja nasi. Bibi alimsikiliza daktari amekaa wima, Ami akifasiri huku sauti inamkatika. Tulipotoka, alinisimamisha ukumbini. "Giza nimelizoea, babu, nimeishi nalo. Lakini siku kumi na moja umenivalisha furaha ya kuazima, na leo nimevuliwa mbele za watu. Hilo usimfanyie mtu mwingine." Akanipa simu niipige Ibra mwenyewe. Salma ndiye aliyeipokea. Nilimweleza yote, nikangoja acheke. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

Leo watoto wa Ibra wananizidi Kiingereza nilichokuwa nacho nikiwa na umri wao, na simu ya mfukoni inafasiri karatasi yoyote iliyobandikwa mlangoni. Sisemi zamani ilikuwa bora. Ningekuwa na simu ile, nisingekuwa na diploma hii. Ninafanya kazi katika hospitali moja ya mkoa wa Dakhiliyah, ninakalimani kwa lugha tatu, na madaktari wananiulizia kwa jina hata siku yangu ya mapumziko. Najisifu, na nina haki. Ila sifa ninayoipenda kuliko zote ni ile wanayoitoa kwa kulalamika, kwamba bwana huyu anawakatiza mno, anataka kila neno lirudiwe. Kuuliza si ujinga.

Mwaka jana Bibi alilazwa katika hospitali yetu hiyo, na ugonjwa haukuwa wa macho. Daktari alisema yake. Nikamsimamisha mara moja, kwa neno ambalo sikuwa na hakika nalo. Kisha nikamfikishia Bibi yote, kwa Kiswahili chake.

"Hayo ndiyo aliyoyasema?"

"Hayo ndiyo, Bibi. Sikuongeza, sikupunguza."

"Mabaya."

"Mabaya, Bibi."

Akanishika mkono. Niliwahi kuwa na deni kwake, kwa Ami, kwa Salma, kwa kila aliyekula nyama ya mbuzi yule, na siku ile nililipa lote kwa mkupuo mmoja. "Haya," akasema. "Basi mwite Nassor aje, na Salma, na nyinyi nyote, niseme nanyi yangu kungali na nafasi."